Mistari Ishirini na Miwili

Dakika ya tatu Cheche alicheka tena, na baba yake akaishusha nyundo.

"Nini sasa?"

"Pipa linanitekenya masikioni," ilijibu sauti kutoka ndani.

Pipa lilikuwa la lita mia mbili. Fundi alilikata pande zote mbili, akazisugua kingo zisimchane mtoto, akalilaza juu ya matofali ndani ya karakana yake na kutandika blanketi. Mtu wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba kwenye mashine ya MRI mgonjwa hulazwa kama ndani ya bomba, na kelele zake ni za karakana tupu. Hakujua anamwambia nani. Fundi huyu alikuwa na miaka kumi na tano akichomelea mageti na madirisha, na kama kuna kitu ambacho hakikumpungukia, ni kelele. Siku nne mfululizo alimlaza mtoto humo, akaweka saa ya simu, akagonga kwa nyundo, kwa spana, kwa kipande cha bomba. Mageti ya watu yaliegemea ukuta bila bawaba, na wenye mageti walipokuja kuuliza waliambiwa wasubiri.

Dakika zilizotakiwa za kulala bila kutikisika zilikuwa arobaini. Cheche alikuwa hajavuka tatu.

Alikuwa na miaka sita, na jina hilo alilipata alipoanza tu kutambaa, maana ukigeuka hivi yuko hapa, ukigeuka hivi kesharuka. Hata ugonjwa haukumtuliza. Asubuhi anatapika, saa nne anaruka kamba, saa sita anayumba na kujigonga kwenye fremu ya mlango, halafu anacheka kwa kuwa aliona milango miwili akachagua usiokuwepo. Wazazi wake nao walijifunza kucheka naye, kisha kwenda kulia mmoja mmoja, mama nyuma ya nyumba, baba ndani ya kofia ya kuchomelea.

"Tunarudia," alisema Fundi.

"Baba, siku yenyewe utaingia na mimi?"

"Nitaingia. Nitakushika mguu mwanzo mpaka mwisho."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Aliapa haraka, kama watu wanavyoapia mambo ambayo hawajayauliza.

*

Jioni ile, ya kuamkia siku yenyewe, Mama Cheche alikuwa anamsuka mtoto sebuleni. Yeye ni msusi, na kwa msusi kichwa cha mwanawe ni kibao cha duka, hakitoki ovyo. Cheche alikaa juu ya mto, mgongo kati ya magoti ya mama yake, uso ukutani. Bibi, mama yake Fundi, alikuwa kwenye kochi akikunja nguo za hospitali, akizikunjua, akizikunja upya.

"Uvimbe wameshauona," alisema Bibi. "Picha nyingine ya nini? Picha haitibu."

"Ile ya kwanza ilionyesha kwamba upo, mama," alisema Fundi, ambaye hakuwa amekaa tangu aingie. "Haikuonyesha ni wa namna gani. Hii ina sehemu yake inayoangalia maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya mwilini. Mwili wote una maji. Sasa ule uvimbe una chembe ndani. Chembe zikibanana sana, maji hayana pa kupita, yanasimama. Huo ndio mkali, unaokua mbio. Zikiwa zimeachana, maji yanatembea, na huo ni mpole."

"Mara nyingi," alisema Mama Cheche bila kuinua macho. "Daktari alisema mara nyingi ni mpole. Usimpe mama uhakika ambao sisi wenyewe hatukupewa."

"Sawa, mara nyingi. Akishajua, ndipo anajua akate vipi na afike wapi. Asipojua anaingia kichwani mwa mtoto kama mtu anayeingia nyumba ya watu gizani."

"Basi wamchome dawa alale, wapige hiyo picha yao."

"Ana kifua, mama. Daktari wa usingizi amemsikiliza, amekataa. Anasema tusubiri wiki tatu. Wa upasuaji anasema hizo wiki tatu hana."

Bibi alikunja kigauni. "Na akitikisika?"

"Mashine inapima maji yanayosogea kidogo kuliko unene wa unywele. Kichwa kikisogea itajuaje kipi ni maji, kipi ni kichwa? Na nafasi ni hiyo moja, kesho saa tano, daktari aliiomba karibu kupiga magoti. Ikipita hiyo, foleni ni wiki sita."

 Wiki sita zilikaa nao pale sebuleni kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Msuke vizuri," alisema Bibi mwishowe. "Mtoto akienda hospitali kichwa kama kiota, wanajua hana wenyewe. Wanamhudumia wa mwisho."

Mama Cheche alikuwa na wazo hilo hilo, ila hakutaka kulisikia kwa mkwewe. Akafungua kijaluba chake, akapita nyuzi nyeusi, akapita za kahawia, akatoa ule wa dhahabu anaowasukia maharusi. Mistari ishirini na miwili, yote inatoka usoni kwenda kisogoni, kila mmoja na uzi wake unaometa. Alimaliza baada ya saa moja na nusu. Saa moja na nusu nzima, na katika nyumba hiyo ya watu wazima watatu waliokuwa wakihangaikia dakika arobaini, hakuna aliyejiuliza kwa nini Cheche hakujigusa hata pua. Sheria ya mama yake aliizoea tangu nywele zake zilipoanza kushikika: ukitikisika tunaanza upya.

Kisha Fundi akaja na sumaku ya karakana. Karatasi ya hospitali ilisema chuma kisiingie, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, chuma alikijua kuliko waliomwandikia. Akaipitisha juu ya gauni, viatu, mkanda wa suruali yake. Akaipitisha juu ya mistari yote ishirini na miwili. Haikushika kitu.

"Safi," alisema.

*

Mpiga picha alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Alimkuta Cheche amevalishwa gauni la hospitali lililomfika kwenye vidole vya miguu. Akainama, akamwinua kidevu, akapitisha kidole juu ya kichwa chake.

"Nani kasuka?"

"Mimi," alisema Mama Cheche, na mabega yake yakanyooka kidogo.

"Umesuka vizuri sana. Fumua."

"Ni uzi tu, dada."

"Unang'aa kwa nini?"

"Nimeupitishia sumaku," aliingilia Fundi. "Hauna chuma."

"Baba, sufuria ya alumini sumaku inaishika?"

 Swali hilo hata mwanafunzi wa Fundi wa siku ya kwanza angelijibu.

"Uzi huu umevishwa madini mepesi," alisema mpiga picha, si kwa ukali. "Mle ndani unaweza kupata moto ukamuunguza. Na hata usipomuunguza, picha ya maji haivumilii. Itapinda, tena huku nyuma, hapa hapa tunapopataka." Akatazama saa ya ukutani. "Namwingiza yule baba wa mgongo kwanza. Nusu saa na kitu. Akitoka, mtoto awe hana uzi hata mmoja. Akiwa nao, naita jina linalofuata. Si roho mbaya, mama. Ni ratiba."

Baba wa mgongo, dereva wa lori aliyekuwa akisubiri na mkono kiunoni, alipita mbele yao akisema samahani, samahani, kama aliyeiba.

Walifumulia palepale kwenye benchi la korido, watu wakitazama. Ushone usiku kucha, ukifumua ni mchana mbele za watu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Masikini, hawakusoma karatasi." Mama Cheche aliyesoma karatasi hiyo mpaka ikachanika kwenye mkunjo alisikia masikio yakimwaka moto. Hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye mstari wa pili.

"Umemsukia uzi wa harusi mtoto anayekuja hospitali," alisema Fundi kwa sauti ya chini.

"Na wewe ulipitisha sumaku ukasema safi."

"Mimi nilikuwa nakagua. Wewe ndiye uliyesuka."

"Basi kagua na hii," akamwekea fungu la uzi kiganjani.

Fundi alichuchumaa akajaribu mstari wa pembeni. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimekufa ngozi kwa miaka ya moto. Uzi mmoja akauona nyuzi mbili, akavuta, na unywele ukaja nao. Cheche akakunja uso. Mkewe akampiga kofi dogo mkononi, kama anavyowapiga wanagenzi saluni.

"Acha. Kusanya tu vinavyoanguka."

Akawa mkusanyaji. Alitambaa chini ya benchi akiokota vijipande vya dhahabu sakafuni, mtu mzima, mbele ya foleni nzima, na moyoni alijisemea kwamba angetambaa mpaka geti kuu kama ingesaidia. Bibi naye alisogea, akavaa miwani, akashika mstari wa nyuma ya sikio. Macho yake yalikuwa yanaona ukungu lakini kucha zake zilikumbuka kazi.

"Ni mimi," alisema baada ya muda. "Mimi ndiye niliyesema asukwe vizuri."

"Mama, fumua," alisema Mama Cheche.

Hakukuwa na chuki katika neno hilo. Miaka yote waliyoishi nyumba moja wakipimana maneno, hawakuwahi kugusana vidole namna ile, mmoja akilegeza, mwingine akivuta. Nyuma ya ukuta mashine iligonga, ikakereza, ikagonga tena. Kila iliponyamaza, wote watatu walisimamisha pumzi. Iliponyamaza mara ya tano ilibaki mistari minne. Ikaanza tena. Wakashukuru mgongo wa dereva.

Mlango ulipofunguka, uzi wa mwisho ulikuwa mkononi mwa Bibi. Mpiga picha alipitisha kichanuo cha plastiki kichwani mwa Cheche kutoka mbele kwenda nyuma, mara tatu. Nywele zilisimama pande zote. Kiota kabisa.

"Sawa," alisema. "Nani anaingia naye?"

"Mimi," alisema Fundi, na Cheche akamshika kidole.

*

Mpiga picha aliitazama fomu ambayo Fundi aliijaza asubuhi, kisha akaitazama mikono yake. Ilikuwa na madoa madogo ya moto, mengi, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Kazi yako ni nini, baba?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Kazi za mikono tu. Hizi na zile."

"Unachomelea."

"Kidogo."

"Umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

"Nimejibu hapo."

"Nimeona ulivyojibu. Nakuuliza kwa mdomo."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema hapana. Hapana ilishafika kwenye ulimi. Alikuwa ameapa, na mtoto alikuwa amemng'ang'ania kidole, na katika hesabu yake jicho moja lilikuwa bei ndogo sana.

"Ameingiwa," alisema Mama Cheche. "Jicho la kushoto. Mara ya kwanza nilikitoa mwenyewe. Cha pili hakikutoka."

Fundi alimgeukia mkewe kama mtu aliyechomwa mgongoni.

"Hicho ambacho hakikutoka," alisema mpiga picha, "mashine ingekitoa, baba. Na sijui kingetoka na nini. Nenda upande wa kioo."

"Dada, nimemwapia mtoto."

"Nenda upande wa kioo."

"Baba, uliapa," alisema Cheche. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kutetemeka.

Hapo ndipo mambo yalikaribia kuharibika kabisa. Mtoto akilia kifua kinambana, kikimbana anakohoa, akikohoa hakuna picha; kila mtu mle ndani alilijua hilo, na kulijua hakukuwasaidia. Bibi asingeweza kukaa dakika arobaini kwenye kiti kigumu. Wote wakamtazama Mama Cheche, naye akatazama mlango wa chumba cha mashine.

Kuna jambo moja kuhusu mwanamke huyu. Mlango wa saluni yake haufungwi akiwa ndani, hata mvua ikinyesha. Asubuhi ile wenzake waliingia kwenye lifti, yeye akapanda ngazi ghorofa tatu, akafika anahema na kusema alitaka kunyoosha miguu. Chumba kikifungwa, pumzi humwisha. Ndiyo maana walipanga baba aingie. Hawakuwahi hata kulizungumza, lilijulikana.

"Pete hii haitoki," alisema.

"Sabuni ipo pale," alisema mpiga picha.

Alipaka sabuni, akaivuta pete mpaka kidole kikawa chekundu, akampa mumewe. Akavua hereni, akatoa vibanio kichwani, akavua na sidiria yenye kulabu ndani ya kijichumba cha pazia, akatoka amejikumbatia kifua. Hakumtazama mtu.

"Twende, Cheche," alisema. "Baba yako yupo kwenye kioo."

*

Mlango ulifungwa kwa uzito wa mlango wa friji. Jambo la kwanza alilofanya Mama Cheche, alipokaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa mtoto, ni kutafuta mlango mwingine. Haukuwepo. Mtoto alikuwa ameshaingizwa kwenye tundu. Kilichoonekana ni miguu miwili midogo, na vidole vyake vikicheza. Aliishika miguu ile kwa nguvu mno, kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima.

Picha za kwanza zilienda ovyo.

"Ametikisika," ilisema spika. "Narudia."

Mashine ikagonga.

"Amekohoa. Narudia."

Upande wa pili wa kioo Fundi alikuwa akitembea kutoka ukutani mpaka kwenye ndoo ya taka, kutoka kwenye ndoo mpaka ukutani.

"Baba, kaa chini," alisema mpiga picha. "Unanitikisa na mimi."

Alikaa. Akasimama.

Zilizotoka zilitosha, lakini kwa shida, na muda ulikuwa umeliwa. Spika ikakwaruza tena. "Mama, zile za kawaida nimezipata. Imebaki ya maji. Dakika saba, na kitanda kitatetemeka. Nina nafasi ya kuipiga mara moja tu. Ongea na mtoto."

Aongee nini? Neno tulia lilikuwa limeshachakaa. Baba yake alilitumia siku nne kwa sauti zote alizonazo. Mama Cheche aliangalia mikono yake. Haikuwa na kazi, na mikono yake isipokuwa na kazi ndipo woga humpata vizuri. Basi akaipa kazi. Aliweka ukucha wa kidole kidogo chini ya goti la mtoto, akaushusha polepole juu ya muundi mpaka kifundoni, mstari mmoja ulionyooka, kwa uzito ule ule anaopasulia nywele utosini.

Vidole vya miguu vikaacha kucheza.

"Mama?" ilisema sauti kutoka ndani. "Unanisuka?"

"Nakusuka."

"Mingapi?"

"Ishirini na miwili. Sheria unaijua."

"Nikitikisika tunaanza upya."

"Haya. Nyamaza sasa."

Mashine ilianza, na safari hii haikuwa kugonga bali mngurumo, kitanda chote kikitetemeka kama gari bovu lililowashwa likasimama. Mama Cheche alipiga mstari wa pili. Wa tatu. Hakuharakisha, kwa sababu msusi akiharakisha mteja anajua. Kwenye wa tano alikumbuka mlango. Akaukaza ukucha kidogo, akaendelea. Alipofika goti la pili, kwenye mstari wa kumi na mbili, hakuwa na habari tena na mlango. Alikuwa anamwona mwanawe kwa nyuma, shingo ile nyembamba anayoijua kuliko uso wake mwenyewe, na mapenzi yakamuuma kama jino bovu. Mtoto huyu si kwamba hajui kutulia, aliwaza. Hatukumwomba kwa lugha yake.

Upande wa kioo Fundi alikuwa amesimama. Hakuona kitu ila miguu miwili iliyolala sawasawa, na mgongo wa mkewe, na mkono wake mmoja ukishuka, ukipanda, ukishuka. Miaka kumi alikuwa akiwaambia watu kwamba kusuka ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Pete ya mkewe ilikuwa kwenye kidole chake kidogo, yenye sabuni bado. Alilia kwa macho yote mawili, hata lile lenye chuma.

Mstari wa ishirini na mbili uliisha na mashine ilikuwa bado. Mama Cheche akapiga wa ishirini na tatu, ambao haukuwemo kwenye mapatano. Mtoto akauvumilia. Akapiga wa ishirini na nne.

Kisha kimya.

"Nimeipata," ilisema spika. Halafu, baada ya kukwaruza kidogo, "Mama, ukifungua saluni upande huu, niambie."

*

Daktari wa upasuaji aliwaita kesho yake mchana. Alikuwa kijana kuliko walivyopenda, na alikuwa na tabia ya kubonyeza kalamu, chwap, chwap, mpaka Bibi akamwomba aiweke mezani.

"Hii ndiyo picha ya maji," alisema akigeuza kioo cha kompyuta. "Penye weusi, maji yamebanwa. Penye mwanga, yanatembea." Akaweka kidole. "Uvimbe wa binti yenu ni huu."

Ulikuwa unang'aa.

"Yanatembea?" aliuliza Fundi.

"Yanatembea."

"Kwa hiyo ni ule mpole."

"Unafanana na ule mpole. Neno la mwisho litasemwa na kipande tutakachokitoa kikapimwe. Siwaahidi. Lakini jana nilikuwa sijui naingia wapi, leo najua. Kesho asubuhi tunamfanyia."

Bibi alisema Alhamdu na Amina na chochote kingine alichokumbuka. Fundi alitaka kuuliza maswali kumi, akajikuta anampa daktari mkono, anaurudisha, anampa tena. Mama Cheche peke yake alibaki kwenye neno kesho.

Jioni muuguzi alikuja wodini na mashine ya kunyolea. Nyuma ya kichwa chote kinatakiwa kiwe wazi, alisema. Wakitaka abakize za mbele, itawezekana.

"Nusu kichwa si kichwa," alisema Mama Cheche. "Zote. Na nitanyoa mwenyewe."

"Mama, hiyo ni kazi yetu."

"Miaka sita hakuna aliyemgusa huyu kichwa ila mimi. Kesho mtamgusa nyie. Leo niachieni."

Muuguzi alimtazama, akamtazama na Fundi aliyekuwa mlangoni akizungusha ufunguo, akaiweka mashine kitandani akasema atarudi baada ya robo saa.

Mama Cheche alikaa ukingoni mwa kitanda. Cheche akateremka, akavuta kiti kidogo, akakaa mwenyewe mgongo kati ya magoti ya mama yake, uso ukutani, kama kila Jumamosi.

"Mingapi leo?"

"Mmoja tu. Mpana."

"Wa dhahabu?"

"Hauna uzi."

Cheche alifikiri. "Utaonekana vizuri?"

"Utaonekana vizuri kuliko yote niliyowahi kukusuka."

Basi mtoto akanyoosha shingo, akaweka mikono mapajani, akatulia. Mama yake akaiwasha mashine. Mkono uliowahi kusuka maharusi wanne kwa siku moja, mkono ambao haukuwahi kukosea mstari kwa mteja aliyesinzia wala kwa anayelia talaka, ulifika usoni pa nywele zile, ukazigusa, ukarudi. Ukaenda tena. Ukarudi. Fundi alipiga hatua kuja, Bibi akamshika shati.

Cheche hakugeuka. Macho yake yalikuwa ukutani na kichwa hakikusogea hata kidogo.

"Mama," alisema, "ukitikisika tunaanza upya."